Wafalme Wawili na Mstari wa Njano

Nyinyi mnaobaki ghalani mmeniomba niandike kitu kabla sijarudi Mombasa, na Wanjiru wa mapokezi amenionya nisiandike mahubiri. Sitaandika. Mishahara yenu mnaijua, vyeo vyenu viko kwenye vitambulisho, na joto la Dubai mwezi wa sita halihitaji mtu wa kulielezea. Nitawaeleza jinsi kampuni ya kusafirisha mizigo, yenye watu wasiojaza hata basi moja, ilivyofikia kutawaliwa kwa sheria za mji wa Ugiriki uliokwisha zamani sana. Wengi wenu husimama kwenye mstari wa njano kila mwezi mkaapa bila kujua mnaapa kwa nini. Mmoja wenu alinieleza kwa uhakika kabisa kwamba ni agizo la watu wa usalama kazini.

Siku yangu ya kwanza nilifika hapa ghalani, Freezone, nimevaa viatu vya visigino. Mwenye kampuni, Mzee Seif, mtu wa Unguja aliyehamia Dubai kijana na kuzeekea huku bila kupoteza hata neno moja la kwao, aliviangalia viatu, akaniangalia mimi, akasema, "Binti, umekuja kazini au umekuja kuposwa?" Kisha akanipeleka kwenye safu ya mizigo. Alinifundisha kuinua pembe ya sanduku kiasi cha kidole, kuiachia, na kusikiliza. Sanduku lililofungwa vizuri hujibu mara moja. Likijibu mara mbili, lifungue, maana kuna kitu ndani kinachotembea. Nimefanya hivyo mpaka wiki iliyopita, mbele ya skana zenu zote, na hakuna skana iliyowahi kuniambia kwamba kikombe kimepasuka.

Kazi yangu ilikuwa karani wa usafirishaji: kujua mzigo gani unatoka, kwa gari gani, na nani kaamuru. Enzi ya Mzee Seif swali la mwisho halikuwa na haja, kwa sababu aliyeamuru alikuwa mmoja. Alitawala peke yake na alitawala vizuri, mambo mawili ambayo hukutana kwa bahati tu. Alipofariki, kampuni ikaenda kwa wanawe pacha, Bwana Khalfan na Bwana Suleiman, sawa kwa sawa.

Pacha wale walifanana sura wakaachana katika mengine yote. Khalfan alitaka kila kitu kitoke leo. Suleiman alitaka kila kitu kikaguliwe, halafu akaguliwe mkaguzi. Kila mmoja alidai yeye ndiye mkubwa, na aliyejua ukweli alikuwa mama yao, Bi Zuweina, ambaye akiulizwa alijibu, "Siku ile nilikuwa na kazi. Sikutazama saa." Basi kila mmoja akajijengea ofisi ya vioo, Khalfan upande wa mashariki na Suleiman upande wa magharibi, na katikati ukabaki ule mstari wa njano uliochorwa sakafuni kwa ajili ya foklifti. Walikuwa hawasemeshani. Jambo likizidi sana, walinituma mimi. "Mwambie mwenzangu," alisema huyu. "Mjibu mwenzangu," alisema yule. Viatu vya visigino nilikuwa nimeshaviacha siku nyingi, na nilishukuru.

Aliyeumia zaidi alikuwa Baraka, dereva wa foklifti kutoka Mwanza. Asubuhi moja Khalfan alimwamuru apakie jenereta. Suleiman akamwamuru aishushe. Kufikia chakula cha mchana jenereta ile ilikuwa imetembezwa ghala zima kama bibi harusi, ila hakuna aliyeitunza.

"Sasa mimi nifanyeje, Bi Mwanaisha?" aliniuliza mezani. "Nikimtii huyu, yule ananiona mkaidi. Nikimtii yule, huyu ndiye ananiona mkaidi."

"Endesha polepole," nilimwambia. "Huenda wakabadili mawazo ungali njiani."

Ndipo Mwalimu Okello akaweka kijiko chini. Alikuwa Mganda, alifundisha historia sekondari kabla ya kuja kufunga mizigo nasi, na akiweka kijiko chini ulijua chakula kitapoa.

"Hali hii si ngeni," alisema. "Kulikuwa na mji Ugiriki ya kale, unaitwa Sparta. Ulikuwa na wafalme wawili kwa wakati mmoja."

"Wa pili wa nini?" aliuliza Kombo, mfungaji mizigo kutoka Pemba. "Wa akiba, kama tairi?"

"Wote kamili. Koo mbili, kila ukoo na mfalme wake. Wenyewe walisimulia kwamba asili yao ni pacha, na mama yao alikataa kusema nani alitangulia, kwa sababu alitaka wote watawale. Watu wakaanza kumpeleleza, waone nani anamwogesha na kumlisha kwanza."

Meza nzima iligeuka ikatazama ofisi ya vioo ya mashariki, kisha ya magharibi.

"Endelea," alisema Baraka.

Mwalimu akaendelea. Wafalme wale walikaa baraza moja na wazee ishirini na wanane, wote waliokwisha kupita miaka sitini. Palikuwa pia na waangalizi watano, waliochaguliwa na raia kwa mwaka mmoja tu, na hao waliweza kumshtaki hata mfalme. Kila mwezi waliapishana: wafalme waliapa kutawala kwa sheria, na waangalizi wakaapa kwa niaba ya mji kuulinda ufalme wao, maadamu wanatimiza. Tena, baada ya wafalme wawili kugombana vitani mmoja akageuza njia akarudi nyumbani, ilipitishwa sheria kwamba vitani aende mmoja. Na kwenye karamu, kila mfalme aliwekewa sehemu mbili za chakula.

"Mbili za nini?" alisema Kombo. "Ana matumbo mawili?"

"Ni heshima. Ya pili ampe anayetaka kumtukuza."

"Na mji wenyewe uko wapi sasa?"

"Umekwisha," alikiri Mwalimu. "Lakini ulichukua muda mrefu kwisha."

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. "Na wabeba mizigo, Mwalimu? Walikuwa na kura?"

Alikohoa. "Walikuwepo watu waitwao maheloti. Hao ndio waliolima na kuwalisha wote. Walikuwa wengi kuliko raia. Kura hawakuwa nayo."

"Basi Sparta naijua," alisema Wanjiru, msichana wa Nakuru, naye bado mgeni wakati ule. "Naishi huko. Al Qusais, chumba cha watu sita. Haya, rudi kwa wafalme."

Ingebaki hadithi ya mezani kama si chokoleti. Wiki chache kabla ya Idi Kubwa tulikuwa na shehena ya chokoleti ya mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam. Khalfan alimwamuru Baraka aitoe chumba cha baridi, gari linafika, yalla, haraka. Baraka akaitoa. Wakati huohuo Suleiman alilizuia gari lilelile getini ili likaguliwe upya. Hakuna aliyemwambia mwenzake, na safari hiyo hata mimi sikutumwa. Chokoleti ikangoja juani. Tulipofungua sanduku la kwanza tulikuta uji wa kahawia wenye utepe wa dhahabu.

Suleiman alimfukuza Baraka palepale. "Khalas. Nilisema hakitoki kitu chumba cha baridi bila mimi."

Khalfan akanituma nimwambie Baraka kwamba hajafukuzwa.

Basi Baraka akawa amefukuzwa magharibi na ameajiriwa mashariki. Alipofika kwenye mstari wa njano alisimamisha foklifti, akashuka, na Kombo, ambaye alikuwa na leseni lakini hakuwa na macho ya nyuma, akapanda kuivusha. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya pili tulikumbuka kwamba kibali cha ukaazi cha Baraka kinaisha baada ya Idi, na kukihuisha kulihitaji idhini ya ndugu wote wawili. Mwanza alikuwa na mke, watoto wawili, na nyumba iliyofika kwenye linta, bado paa. Wenye nyumba za kwenye linta mnaelewa. Ukiulizwa kama una nyumba huwezi kusema unayo, na huwezi kusema huna.

"Mimi sikukosea," aliniambia. "Nilitii."

"Hapa kwetu ndilo kosa lenyewe," nilimjibu, na sikuwa natania.

Tukakubaliana tuchague waangalizi watano kama wale wa Sparta, waende kuzungumza na wafalme wote wawili kwa pamoja juu ya Baraka. Mpaka hapo tulikuwa watu wenye akili. Kisha Mwalimu Okello akataka uchaguzi wenyewe uwe wa Kisparta.

"Hawakuandika kura," alisema. "Mgombea alipita kimya mbele ya watu, na watu wakampigia kelele. Waamuzi walikuwa wamefungiwa ndani ya jengo la jirani, wasione nani anapita, wasikie kelele tu. Aliyepigiwa kelele kubwa ndiye mshindi. Hivyo ndivyo walivyochagua wazee wa baraza. Waangalizi, sina hakika."

"Inatosha," tulisema.

Jengo la jirani halikuwa letu. Chumba pekee kisichokuwa na dirisha kilikuwa chumba cha baridi. Hapo naomba msome polepole. Wafanyakazi wa ghala, watu wa kazi hii, wanaojua kuta za chumba kile zina unene gani na ni kwa nini, walikubali kwa kauli moja kuwafungia ndani yake watu watatu ambao kazi yao ilikuwa kusikiliza.

Waamuzi tulikuwa mimi, Wanjiru na Kombo. Tulivaa makoti makubwa, mlango ukafungwa, tukatega masikio. Tulisikia feni.

"Wameanza?" aliuliza Wanjiru.

"Labda huyu wa kwanza hapendwi," alisema Kombo.

Tukangoja. Feni ilikuwa na sauti nzuri, haikupendelea mtu.

"Hawapendwi wote?" alisema Kombo.

"Aki Bi Mwanaisha, mimi sisikii kitu," alisema Wanjiru. "Na miguu pia siisikii."

Nilikwenda mlangoni nikashika kitasa cha ndani, kikabaki mkononi. Kilikuwa kibovu kwa wiki kadhaa. Suleiman alitaka kitengenezwe, Khalfan alitaka mlango mpya, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa mfalme kamili, hakuna kilichofanyika. Ujumbe wenyewe niliupeleka mimi, kwenda na kurudi. Tukaupiga mlango ngumi, tukapiga kelele, na kuta zilezile zilizotuzuia kusikia zikawazuia wao.

"Nikifa humu," alisema Wanjiru, "mwambieni mamangu nilikufa nikihesabu kura. Atafikiri nilirudi Kenya."

Yaliyotokea nje nilisimuliwa na kila mtu, na kila mtu alikuwa na yake, lakini kwa haya wote walikubaliana. Wagombea walipita, na kila upande ulimpigia kelele mtu wake. Watu wa Tanga walipiga miluzi. Mpishi wetu alileta sufuria na mwiko. Kelele zikawatoa pacha kwenye ofisi zao kwa wakati mmoja, wakaja mbio kutoka pande mbili, wakakutana uso kwa uso kwenye mstari wa njano, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu arobaini ya baba yao.

"Nini hii?" waliuliza, kwa sauti moja.

"Uchaguzi, Bwana," alijibu Baraka kutoka juu ya foklifti.

"Wa nini?"

"Wa waangalizi wa wafalme."

"Wafalme gani?"

Hapo ndipo Mwalimu Okello alipojishika kichwa. "Jamani! Waamuzi wamo ndani!"

Mlango wa chumba cha baridi, kama mnavyojua, uko juu ya mstari wa njano kabisa. Khalfan aliuvuta, ukakataa. Ulikuwa umeng'ang'aniwa na barafu. Suleiman akamsukuma kando akavuta, ukakataa. Wakashika pamoja, wakavuta pamoja, ukaja, na mimi nikaja nao, nimeshika kitasa, kope zangu nyeupe.

"Nani kashinda?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Anayetoka kwenye baridi ile hana adabu ya kuwatosha watu wawili. Niliinua kitasa wakione wote.

"Hiki kinangoja idhini yenu," nilisema. "Mmoja alisema kitengenezwe, mmoja alisema mlango mpya. Amri zote mbili zilikuwa nzuri. Tungekufa nazo."

"Na mimi sikuwa nimekula," alisema Kombo, meno yakimgongana.

Pacha walitazamana. Sijui waliona nini, lakini walikuwa wamekaa miaka bila kutazamana, basi nadhani kulikuwa na mengi. Hatukuwapa nafasi ya kurudi kwenye vioo vyao. Palepale, mlango ungali wazi na ubaridi ukitupiga visigino, tulikubaliana mambo matatu. Sakafuni ashuke mmoja tu kila wiki, mwenzake abaki ofisini. Asiadhibiwe mtu na mmoja kwa kumtii mwingine. Na siku ya kwanza ya kila mwezi wote wawili waje kwenye mstari waape hivyo mbele yetu.

"Na nyinyi mtaapa nini?" aliuliza Suleiman.

"Kwamba tutawaheshimu nyote wawili," alisema Mwalimu, "maadamu mnatimiza."

"Na tusipotimiza?"

"Kule Sparta, Bwana, kuna wafalme waliotozwa faini, na wengine walifuku..."

Nilimkanyaga mguu. Sikuwa na hisia miguuni, kwa hiyo huenda nilimkanyaga sana.

Matokeo ya uchaguzi hayakupatikana, na hakuna aliyebaki na sauti ya kurudia. Ikaamuliwa sisi tuliotoka kwenye baridi tuwe waangalizi, kwa kuwa tumeteseka, na tukaongezewa Mwalimu na mpishi mwenye sufuria. Ndivyo nilivyopata madaraka. Nimesikia habari za watu walioyapata kwa njia mbaya zaidi. Mwaka ulipokwisha nilitoka, wakaingia wengine, na ndiyo maana kila mwaka mnachagua, siku hizi kwa kuinua mikono. Kitasa cha ndani kilibadilishwa wiki ileile. Kijaribuni kila siku ya kiapo, kabla hamjaanza maneno.

Lakini Baraka bado alikuwa palepale. Suleiman, mtu wa ukaguzi, alisema makubaliano yamefanyika leo na chokoleti iliyeyuka kabla yake. "Sheria hairudi nyuma," alisema, na Mwalimu, kwa huzuni kubwa, akakubali kwamba kisheria ana hoja. Tulikwenda kwake waangalizi wote watano. Alitukaribisha chai, akatusikiliza, akasema atafikiri. Nilimjua. Kwake kufikiri kulikuwa kukagua. Khalfan aliidhinisha kibali, karatasi ikakaa na sahihi moja, na Baraka akaanza kugawa vitu vyake pale Al Qusais. Kombo alipewa feni. Alikataa kuiwasha.

Ikaja Idi. Bi Zuweina alikuwa akija ghalani kila Idi kutupakulia pilau kwa mkono wake, desturi aliyoianza mumewe angali hai. Na kila Idi, tangu hadithi ya Mwalimu, tulikodoa macho tuone nani anapewa kwanza. Hatukuwahi kupata kitu. Alikuja na sahani mbili, moja kila mkono, akaziweka mbele ya wanawe, waliokaa bega kwa bega bila kutazamana, kwa mpigo mmoja, sawa kama mizani ya sonara.

Mwaka ule nilikuwa namsaidia kushika sinia.

"Yule ndiye kijana wa foklifti?" aliniuliza, akionyesha kwa kidevu.

"Ndiye, Bi."

"Kakosa nini?"

"Alimtii mwanao."

"Yupi?"

"Mmoja."

"Na kamfukuza nani?"

"Mwingine."

Alifyonza. "Hawa hata tumboni walikuwa wakigombea upande." Akajaza sahani mbili, akazibeba kama siku zote, akaelekea meza ya mbele walipokaa wanawe. Wakakunja mikono ya kanzu, tayari. Akawapita. Alikwenda mpaka meza ya mwisho, akaziweka sahani zote mbili mbele ya Baraka.

"Kula, mwanangu. Umetumwa na wawili, utakula vya wawili."

Mwalimu Okello aliweka kijiko chini. Wanjiru akakiokota akamrudishia mkononi.

"Na sisi, mama?" aliuliza Khalfan.

"Na nyinyi mtapata. Ila sahani iliyo tayari ni moja. Mdogo atapewa sasa hivi, mkubwa atasubiri. Mkubwa ndiye husubiri, ndivyo nilivyowalea. Haya, mkubwa nani?"

Pilau ilikuwa ya mbuzi, na harufu yake ilikuwa imejaa ghala lote, mashariki na magharibi.

"Mkubwa ni Khalfan," alisema Suleiman.

"Astaghfirullah," alisema Khalfan. "Mkubwa ni wewe. Siku zote nimesema."

Kombo alilazimika kutoka nje. Bi Zuweina alichukua sahani moja kwenye sinia langu, akasimama nayo, uso mkavu, akingoja. Na Baraka hakuwa amegusa kitu. Mikono yake ilikuwa mapajani, macho yake kwa Suleiman, sahani mbili zikifuka moshi mbele yake. Suleiman alizitazama sahani zile. Akamtazama ndugu yake, akamtazama mama yao. Nilihesabu kimoyomoyo kwamba hapo mbele yake palikuwa na vitu vinne vya kukagua, na kwa kawaida yake tungekaa mpaka Idi nyingine.

"Kula, Baraka, inapoa," alisema. "Jumatatu kuna makontena mawili, na yote yako upande wangu."